Meli haingoji mtu: namna familia inavyoweza kupanga siku zake katika likizo ya baharini

Kunako tarehe 27 Machi 2024, abiria nane wa meli ya utalii Norwegian Dawn walichelewa kurudi bandarini kwenye kisiwa cha São Tomé, katika bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Gabon. Meli ilikuwa bado haijaondoka. Ilikuwa imetia nanga mbali kidogo na ufuko, na walinzi wa pwani waliwachukua kwa mashua yao hadi karibu nayo. Nahodha hakukubali wapande. Walirudishwa inchi kavu, na meli ikaendelea na safari yake kuelekea kaskazini.

Saa ya mwisho ya kurudi ilikuwa 15h00, kwa saa ya kisiwa hicho. Kampuni yenye meli ilieleza kwamba abiria hao walikosa mashua ya mwisho ya kuwarudisha, na kwamba saa hiyo ilitangazwa kwa vipaza sauti, iliandikwa katika programu ya siku na ilibandikwa mahali pa kutokea. Matembezi yao hayakuandaliwa na kampuni, walijipangia wenyewe. Pasipoti zao zilikabidhiwa kwa wakala wa bandari.

Baada ya hapo walianza kuifuata meli kwa ndege na kwa barabara. Walitumaini kuipata Banjul, nchini Gambia, lakini hali ya maji haikuruhusu meli kuingia bandarini humo. Wakaendelea hadi Dakar, nchini Senegal, na huko ndiko walikopanda tena tarehe 2 Aprili. Kampuni ilisema itawarudishia gharama za safari ya kutoka Banjul hadi Dakar. Sehemu iliyobaki ya safari hiyo ndefu ilikuwa juu ya mifuko yao.

Habari hiyo ilizunguka dunia na watu waligawanyika. Wengine walimlaumu nahodha, wengine waliwalaumu abiria. Kwa mtu anayepanga safari ya namna hiyo, somo ni moja: katika likizo ya baharini, saa ina nguvu kuliko pesa ambayo msafiri amelipa.

Jambo hili linagusa pia familia za mashariki mwa Kongo. Wengi kati ya wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia wana ndugu Ulaya, Marekani au Canada. Ndugu hao wanapotafuta mahali pa kukutanisha familia iliyotawanyika, huyu kutoka Brussels, yule kutoka Lyon, mwingine kutoka London, meli ya utalii inaonekana kuwa jibu rahisi. Chumba, chakula na usafiri viko katika bei moja, na kila asubuhi mji mpya unaonekana dirishani. Mara nyingi, watu hukubaliana juu ya bei na tarehe. Juu ya saa, hawaongei kabisa.

Saa ipi inafuatwa?

Wakaaji wa mashariki wamekwisha kuzoea tatizo hili. Wakati Goma ni 8h00, Kinshasa ni 7h00, na mtu anayeahidiwa simu kutoka mji mkuu anauliza kwanza: kwa saa ya wapi? Melini swali hilo linarudi kila siku. São Tomé, kwa mfano, iko nyuma ya Kinshasa kwa saa moja na nyuma ya Goma kwa saa mbili. Meli inayotoka Italia kwenda Ugiriki inaingia katika saa iliyo mbele kwa saa moja.

Kwa kawaida nahodha hutangaza jioni kama saa zitasogezwa usiku. Lakini kuna safari ambazo meli hubaki na saa yake hata kama bandari ina saa nyingine. Hapo ndipo simu inapowadanganya watu. Simu ikishika mtandao wa inchi kavu, inajibadilisha yenyewe na kuonyesha saa ya bandari, wakati saa ya kuondoka imeandikwa kwa saa ya meli. Dawa yake ni ndogo: saa ya mkono ya kawaida, iliyowekwa kulingana na saa iliyo kwenye ukumbi wa meli, na ambayo haiguswi mpaka tangazo litolewe. Simu yenyewe ni vizuri iwe katika hali ya ndege wakati meli iko baharini, maana mtandao wa simu wa melini hulipishwa ghali sana, hata kwa mtu ambaye hakupiga simu yoyote bali alisahau tu kuzima.

Kwa familia zinazoongea Kiswahili kuna mtego mwingine. Bibi akisema «turudi saa nane», yeye anafikiri 14h00. Mjukuu aliyekulia Ulaya anaweza kuelewa saa nane ya mangaribi, yaani 20h00. Kwenye bandari ambayo meli inaondoka 17h00, tofauti hiyo inatosha kumwacha kijana peke yake katika mji asioujua. Kwa hiyo, katika kikundi cha WhatsApp cha familia, saa ziandikwe kwa tarakimu kama zilivyo kwenye programu ya meli: 14h00, 17h30, 20h00. Wakubwa na wadogo wataelewa sawa.

Kwa nini meli haiwezi kungoja

Mtu anayelaumu nahodha anafikiri juu ya dakika kumi. Nahodha anafikiri juu ya mambo mengine mengi. Nafasi ya meli kwenye gati imelipiwa kwa saa maalumu, na mara nyingine meli nyingine inangoja kuingia. Rubani wa bandari, yule anayeisaidia meli kutoka salama, ameitwa kwa saa yake. Katika bandari nyingine, maji yanapopwa meli kubwa haiwezi tena kupita. Na kesho asubuhi kuna bandari nyingine yenye gati na rubani wake, na mabasi yanayongoja abiria. Meli ikichelewa kutoka, inalazimika kukimbia usiku kucha na kuchoma mafuta mengi zaidi, au kuwanyima abiria wote sehemu ya siku yao.

Ndiyo maana programu ya siku ina saa mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Kuna saa ya meli kuondoka, na kuna saa ambayo kila mtu anapaswa kuwa ndani, ambayo huwa dakika 30 au hata saa nzima kabla. Pale ambapo meli haifungwi kwenye gati na watu wanapelekwa ufukweni kwa mashua ndogo, kama ilivyokuwa São Tomé, kuna saa ya tatu: ile ya mashua ya mwisho. Hiyo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi. Foleni ya mashua nayo inaweza kuwa ndefu, kwa sababu mamia ya watu wanarudi kwa wakati mmoja.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo inafaa kujulikana kabla ya kulipa. Abiria wakiwa kwenye matembezi yaliyouzwa na kampuni ya meli, na basi lao likakwama njiani, kwa kawaida meli huwangoja, au kampuni hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata, maana inajua basi liko wapi na ni nani aliye ndani. Abiria aliyejipangia mwenyewe hana ulinzi huo. Matembezi ya kampuni ni ghali zaidi, wakati mwingine mara mbili. Familia yenye akili inaweza kuchanganya: kununua ya kampuni siku ambayo mahali pa kutembelea ni mbali, na kujitembeza yenyewe siku ambayo mji uko karibu na gati.

Siku ya kwanza: jile kabla ya chakula

Kazi ya kwanza siku ya kupanda meli ni zoezi la usalama. Kila abiria anaonyeshwa kituo atakachokimbilia kama kuna hatari, namna ya kuvaa jile la kuokoa maisha, na sauti ya king'ora. Kwenye meli nyingi za sasa mtu hutazama video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha anakwenda mwenyewe hadi kituo chake ili mfanyakazi aandike kwamba amefika.

Wakaaji wa kando ya ziwa Kivu hawahitaji maelezo marefu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walipoteza maisha wakati waliokuwa ufukweni wakitazama.

Hata meli kubwa za Ulaya zimejifunza kwa maiti. Mangaribi ya tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia ilitoka Civitavecchia, nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Saa chache baadaye iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, na watu 32 walikufa. Abiria waliopanda mangaribi hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi linapaswa kufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Baada ya zoezi hilo, siku ya kwanza ina mambo mengine mawili. La kwanza ni masanduku. Yanachukuliwa na wafanyakazi bandarini na yanaweza kufika mlangoni mwa chumba jioni tu. Kwa hiyo dawa za bibi, maziwa ya mtoto, hati zote na nguo moja ya kubadilisha vinabaki katika mfuko wa mkononi. La pili ni kufika mapema: familia inayotoka mbali kwa ndege ifike kwenye mji wa bandari siku moja kabla. Ndege iliyochelewa haimzuii nahodha kutoka.

Siku ya bandari inahesabiwa kutoka mwisho

Watu wengi hupanga siku kuanzia asubuhi: tutashuka, tutakunywa kahawa, tutaona hiki na kile. Kwa siku ya bandari, hesabu inaanzia kwenye saa ya wote kuwa ndani na kurudi nyuma.

Mfano mzuri ni Roma, mji ambao Wakatoliki wengi wa Kongo wanatamani kuuona. Matangazo ya safari huandika «Roma», lakini meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, umbali wa karibu kilomita 70. Tuseme meli inafika 7h00 na inaondoka 19h00, na wote wanatakiwa kuwa ndani 18h30. Msafiri anaona saa kumi na mbili nzima. Akihesabu kutoka mwisho, anapata hivi:

– 18h30: mwisho wa kuingia melini.
– 17h00: saa ya familia kuwa kwenye mlango wa bandari. Saa moja na nusu inayobaki ni akiba, haitumiwi kwa kununua zawadi.
– 16h30: kushuka kwenye kituo cha treni cha Civitavecchia na kutafuta basi la bandari.
– 15h15: treni inatoka Roma.
– 14h45: kuwa tayari kwenye kituo cha treni cha Roma, tiketi mkononi.
– 14h15: kuacha matembezi, hata kama mtu bado anataka picha moja.

Asubuhi nayo ina hesabu yake. Meli ikifika 7h00, watu huanza kuruhusiwa kushuka baada ya viongozi wa bandari kumaliza kazi yao, tuseme 7h45. Basi la bandari na mguu hadi kituo: 8h30. Treni: 8h45. Roma: karibu 10h00. Saa kumi na mbili zimekuwa saa nne na dakika kumi na tano.

Saa nne na robo zinatosha kwa jambo moja kubwa na moja dogo. Kanisa la Mtakatifu Petro halilipiwi, lakini foleni ya ukaguzi inaweza kula saa nzima au zaidi. Makumbusho ya Vatikano hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Siku ya Jumatano asubuhi Papa hupokea waamini, na wakati huo mtu haingii katika kanisa kama kawaida. Anayetaka kumwona Papa atafurahi meli ikifika Jumatano, na anayetaka kuingia kanisani asubuhi atasikitika. Colosseo ina tiketi zenye saa yake, na mara nyingi zinaisha siku nyingi kabla. Familia itakayotaka vyote hivyo kwa siku moja itaona migongo ya watu wengine tu.

Italia ina jambo jingine: migomo ya treni. Hutangazwa mapema, na sheria inahakikisha baadhi ya treni za kawaida siku za kazi kati ya 6h00 na 9h00, na kati ya 18h00 na 21h00. Treni ya asubuhi itampeleka msafiri Roma bila shida. Ile ya jioni inaanza kuhakikishwa wakati meli inakaribia kufunga mlango. Siku ya mgomo, basi la kampuni ya meli au kubaki Civitavecchia ni afadhali.

Majina yanayodanganya ni mengi. «Firenze» ya kwenye tangazo ni bandari ya Livorno, umbali wa karibu kilomita 90. «Paris» ni Le Havre, karibu kilomita 200. Kinyume chake, Napoli meli inafunga karibu kabisa na katikati ya mji, na treni ya kwenda Pompei inachukua chini ya saa moja. Palermo pia mji uko mbele ya gati. Marseille, gati za meli kubwa ziko mbali na Vieux-Port, na mwendo wa mguu haufai. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei za safari mbili, familia ilinganishe kwanza gati: saa nane za Napoli ni nyingi kuliko saa kumi na mbili za Civitavecchia.

Bibi anayetembea polepole na mtoto wa miaka minne hawawezi kufuata hatua za vijana. Kundi likigawanyika, kila kundi lipate mtu mzima mmoja mwenye saa, simu yenye chaji na pesa za teksi, na wote wapewe saa moja ya kukutana mlangoni mwa bandari. Kukutana katikati ya mji ili kurudi pamoja ni kuweka familia nzima mikononi mwa yule anayechelewa.

Siku ambayo pasipoti ndiyo inaamua

Ratiba inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi na bado isiwafae wote. Katika familia moja ya Kikongo mara nyingi kuna hati za aina nyingi: mmoja ana uraia wa Ubelgiji, mwingine ana hati ya safari ya mkimbizi, na mama aliyetoka Bukavu kuwatembelea watoto ana pasipoti ya Kongo na viza ya Schengen.

Swali la mama huyo ni idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja humalizika pale meli inapotoka katika inchi za Schengen na kugusa, kwa mfano, Tunisia au Uturuki. Ili arudi Italia au Uhispania anahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Kampuni zinaweza kumkatalia mtu kupanda siku ya kwanza kwa sababu ya bandari ya siku ya tano, na pesa hairudi. Kila inchi iliyo kwenye ratiba, pamoja na ile ambayo mtu hakusudii kushuka, iulizwe kwa kampuni na kwa ubalozi kabla ya kulipa. Wakaaji wa Marekani wenye hati ya mkimbizi au kadi ya ukaaji wafanye vilevile kwa visiwa vya Karibi.

Siku ya bahari tupu

Kuna siku ambayo meli haigusi bandari yoyote. Watu wengi wanadhani haihitaji mpango, na ndiyo siku ambayo wanagombana. Abiria wote wako ndani, watu elfu mbili, tatu au zaidi, na wote wanataka bwawa la kuogelea, meza ya kifungua kinywa na kiti cha kivulini kwa saa moja.

Anayekula mapema kidogo au akachelewa kidogo anaepuka foleni. Kwa chakula cha mangaribi, meli nyingi zina zamu mbili, moja karibu 18h00 na nyingine karibu 20h30, na zamu huchaguliwa wakati wa kununua tiketi. Familia yenye watoto wadogo inafanya vizuri kuchagua ya kwanza. Lakini siku ambayo wote wanatakiwa kuwa ndani 18h30, zamu ya saa 18h00 haifai, na siku hiyo watakula kwenye ukumbi wa kujichotea.

Maonyesho ya jioni huwekewa nafasi kupitia programu ya simu ya kampuni, na nafasi nzuri huisha siku ya kwanza. Sehemu ya watoto ina saa zake za kufungua na kufunga, na umri wake. Mzazi asipozisoma atajikuta na mtoto mlangoni. Mengine yaachwe wazi. Watu ambao hawajaonana kwa miaka kumi wanahitaji mchana mmoja wa kukaa na kuongea, na hakuna programu ya meli inayoandika jambo hilo.

Kama mtu amechelewa kweli

Programu ya kila siku huandika jina na namba ya wakala wa bandari, yaani mtu anayewakilisha kampuni pale. Namba hiyo inapigwa picha kabla ya kushuka. Msafiri aliyekwama njiani ampigie wakala mara moja, kabla saa haijapita, maana bandari ikijua kwamba watu wako dakika tano nje ya mlango inaweza kuwasiliana na meli. Haina maana kwamba nahodha atakubali.

Meli ikiondoka, wakala ndiye wa kutafuta. Mara nyingi wafanyakazi wanapoona kadi ya mtu haijasomwa na mashine ya kuingilia, hutafuta pasipoti yake chumbani na kuiacha kwa wakala, kama ilivyofanyika São Tomé. Nauli ya kufika bandari inayofuata ni ya msafiri, na hapo bima ya safari inaonyesha faida yake. Kwa sababu hiyo, hata kwa matembezi ya saa mbili, mfuko wa kushukia uwe na kadi ya chumba, kitambulisho, nakala ya pasipoti au pasipoti yenyewe pale inapodaiwa, kadi ya benki, chaja ya simu, na dawa za siku mbili kwa wagonjwa wa presha na sukari.

Usiku wa mwisho

Likizo inakwisha jioni moja kabla ya tarehe iliyo kwenye tiketi. Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango wa chumba, yakiwa na vibandiko vya rangi, na wafanyakazi wanayachukua karibu na usiku wa manane. Kila mwaka kuna watu wanaopakia kila kitu na kuamka asubuhi wakiwa na nguo za kulalia tu. Viatu, nguo ya kesho, dawa na hati vibaki chumbani.

Hesabu ya matumizi ya melini isomwe usiku huo huo, maana asubuhi foleni ya wenye malalamiko ni ndefu. Vyumba huachwa mapema, na watu hushuka kwa makundi kufuata rangi ya vibandiko. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa za mchana. Mtu aliyenunua tiketi ya ndege ya 9h00 wakati meli inafunga 7h00 anaweza kumaliza juma zima la mapumziko kwa kukimbia na masanduku.

Kwa yote hayo, hakuna haja ya daftari kubwa. Karatasi moja ndogo kwa siku inatosha, na kila mtu mzima wa familia awe nayo mfukoni: saa ya wote kuwa ndani, kwa saa ya meli; saa ya kugeuka kurudi; jina la bandari na la gati; namba ya wakala; na jambo moja kubwa la siku hiyo. Likipatikana la pili, ni zawadi. Lisipopatikana, familia imerudi nzima mezani, na hilo ndilo walilolipia.